Chunusi Hahami Ovyo: Kuandika Historia ya Daraja Dogo la Kijiji

Uliza daraja la kijiji lilijengwa lini, jibu la kwanza litakuwa "enzi za Mjerumani". Daraja la mawe, la Mjerumani. La reli zilizolazwa juu ya kuta mbili, la Mjerumani. Hata la zege ambalo nondo zake bado zinaonekana changa, ilimradi limeota ukungu, ni la Mjerumani. Utawala huo ulianza 1885 ukaishia katika Vita Kuu ya Kwanza, na kama Wajerumani wangejenga madaraja yote wanayosingiziwa, wasingepata hata siku moja ya kupigana na mtu. Vinywani mwa wazee wengi neno hilo halitaji taifa. Ni kipimo cha uimara, maana yake kitu cha kale kilichogoma kuvunjika. Liandike kama lilivyosemwa, ila usilihesabu kuwa tarehe.

Tarehe inaanza na tepu. Wajerumani walipima kwa mita. Waingereza waliotawala Tanganyika baada yao hadi 1961 walipima kwa futi, na baada ya Uhuru nchi ikarudi kwenye mita. Kwa hiyo upana wa njia ya juu, kutoka ukingo hadi ukingo kwa ndani, ni ushahidi. Ukipata mita 3.00, 3.50 au 4.00 kamili, aliyechora alifikiri kwa mita, yaani ni kabla ya Vita Kuu ya Kwanza au muda fulani baada ya Uhuru. Ukipata 3.05 ni futi 10, 3.66 ni futi 12, 4.57 ni futi 15. Tatizo ni kwamba kati ya mita 3 na futi 10 kuna sentimita 5 tu, na sentimita 5 hizo huliwa na plasta. Kingo zilizopigwa plasta mara mbili, sentimita 2 na nusu kila upande, zinaligeuza daraja la Mwingereza kuwa la Mjerumani. Pima sehemu tatu, katikati na kwenye ncha zote mbili, na utafute mahali plasta ilipobanduka upimie hapo. Halafu shuka mtoni upime uwazi kati ya kuta mbili zinazobeba daraja, kwa sababu huko chini hakuna anayepiga plasta. Uwazi wa mita 6.10 ni futi 20.

Ukiwa huko chini, kwaruza viungo vya mawe kwa msumari wa inchi 4. Chokaa huchimbika na kutoa unga mweupe. Saruji hulia, msumari ukateleza na kuacha mstari tu. Wapo wanaokamulia limau na kutazama kama litatoa povu. Limau halitenganishi kitu, kwa kuwa saruji iliyokaa muda mrefu hewani nayo hutoa povu. Usishangae pia ukikuta vyote viwili katika ukuta mmoja, chokaa ndani na saruji usoni. Hayo ni marekebisho, na kila rekebisho lina habari yake: maji yalifika hapo, yakala viungo, mtu akaitwa kuziba.

Kwenye zege, tazama tumbo la daraja. Mbao za fomu, zile zilizoshikilia zege likiwa bichi, huacha sura yake, hata vifundo vya mti vinaonekana. Pale zege lilipopasuka nondo zikachungulia, zishike kwa vidole. Nondo laini ya mviringo isiyo na mbavu kwa kawaida ni ya zamani kuliko yenye mbavu. Usihukumu kwa ringi ndogo zinazofunga nondo kubwa, maana nondo laini za kufungia zinatumika hadi leo.

Reli ndizo zinazosema wazi kuliko vyote. Kuna madaraja madogo, Tanga, Morogoro, Dodoma, Tabora hadi Kigoma, yaliyobebwa na reli kuukuu zilizong'olewa njiani, na ubavuni mwa reli kiwanda huacha herufi zilizoinuka: jina lake na mwaka wa kuipitisha kwenye mashine. Herufi hizo ziko upande mmoja tu wa reli na hujirudia kila baada ya mita chache, hivyo ukikosa mara ya kwanza hama upande au sogea mbele. Sugua kwa brashi ya waya, lakini usitumie patasi, maana kutu ikitoka kwa vipande inaondoka na herufi. Paka chaki kwa kuilaza, si kwa ncha. Kisha washa tochi na uishike pembeni, karibu igusane na chuma, mwanga upite kando. Ukimulika usoni huoni kitu. Ukimulika ubavuni, mikwaruzo uliyodhani ni kutu tupu inageuka kuwa K, R, U, mwanzo wa Krupp, kiwanda cha chuma cha Ujerumani. Mara nyingi tarakimu ya mwisho ndiyo iliyoliwa, na hapo piga picha nne kwa pembe nne badala ya kubahatisha.

Sasa mtego. Mwaka ulio kwenye reli ni wa reli. Njia ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ya kati ikatoka Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914. Reli iliyotengenezwa miaka hiyo inaweza kuwa imebeba treni miongo kadhaa kabla ya kung'olewa na kulazwa juu ya korongo lenu. Kinachothibitika ni kitu kimoja: daraja haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko reli yake. Mihimili ya chuma ya umbo la I nayo ina maandishi, na ya kipindi cha Waingereza mara kwa mara husomeka Dorman Long, Middlesbrough, kampuni iliyojenga daraja kubwa la Sydney lililofunguliwa 1932. Hiyo nayo inakupa mwanzo tu.

Kuna daraja moja ambalo halihitaji tochi: la vipande vya chuma vyenye sura ya dirisha la mishazari, vilivyounganishwa kwa pini. Ni daraja la Bailey, lililobuniwa Uingereza mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili. Kila kipande cha asili kina urefu wa futi 10 na uzito wa karibu kilo 260, mzigo wa watu sita wenye mipiko. Hesabu vipande vya safu moja tu ya upande mmoja, zidisha kwa 3.05, umepata urefu bila kunyosha tepu. Na kijijini watakuambia lilijengwa usiku mmoja. Wageni hucheka, wakiliweka kapu moja na hadithi za majini. Wasicheke. Daraja hilo lilibuniwa ili wanajeshi waliunganishe upande mmoja wa mto na kulisukuma juu ya magurudumu hadi ng'ambo, kwa saa chache, hata gizani. Watu waliolala wakasikia chuma kinagongana, wakaamka wakakuta njia, wanasema walichoona.

Hapo ndipo kazi ya kusikiliza inapoanza, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka. Ukiitisha mkutano chini ya mwembe, atazungumza mwenyekiti na wengine wataitikia. Wafuate wazee majumbani, mmoja mmoja. Nenda na kijana wa pale anayefahamika, toa shikamoo, kaa ulipoelekezwa, na daftari libaki mfukoni hadi maji ya kunywa yamekuja na habari za nyumbani zimekwisha. Wasiopungua wanane, na wagawanye kwa ng'ambo: wanne wa upande huu, wanne wa ule. Kila upande utakuambia ndio uliobeba mawe. Wasikilize zaidi kina bibi. Mwanamume anakumbuka sherehe ya ufunguzi na nani alihutubia. Bibi anakumbuka kwamba alipokuja kuolewa alivushwa mgongoni, na alipojifungua wa pili tayari kulikuwa na magogo.

Usiulize mwaka. Ukiuliza "mwaka gani?" utapewa mwaka, kwa heshima tu, ili usiondoke mikono mitupu. Uliza "lilipobebwa na maji ulikuwa na watoto wangapi? Mkubwa alikuwa anatembea?" Kisha funga jibu kwenye jambo linalojulikana: mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zilizokutana na Uhuru wa Tanganyika, Azimio la Arusha 1967, Operesheni Vijiji, Vita vya Kagera 1978 na 1979, kifo cha Waziri Mkuu Sokoine Aprili 1984, El Niño ya 1997 na 1998. Kwa Kenya una Uhuru wa 1963, kifo cha Kenyatta 1978, jaribio la mapinduzi la 1982. Mpakani uliza "Uhuru wa wapi?", kwa maana kuna tofauti ya miaka 2 na ndoa nyingi zimevuka mpaka.

Operesheni Vijiji ina shida yake. Katikati ya miaka ya 1970 watu walihamishwa kwa wingi, na wazee unaowakuta karibu na daraja leo huenda walifika hapo wakiwa watu wazima. Kwao daraja "lilikuwepo tangu zamani", yaani tangu waliposhushwa na lori. Hawadanganyi. Waulize nani alikuwa akiishi pale kabla yao na alikwenda wapi. Mara nyingi mwenye habari yuko kilomita 12 kutoka mtoni, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Majina nayo yanachunguzwa. Daraja linaweza kuitwa kwa jina la nyapara, la dereva aliyetumbukia na lori, la mwenye shamba lililo jirani. Yakitajwa majina mawili, usichague moja. Uliza lipi lilitangulia na lilibadilika kwa sababu gani. Na jina huweza kulizika daraja lenyewe. Darajani ya Unguja ilipata jina kutokana na daraja lililovuka mkono wa bahari kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono huo umefukiwa, magari yanapita juu yake, na bado watu wanakwenda Darajani kununua samaki.

Sasa chunusi. Karibu kila daraja dogo lenye maji ya kudumu lina chunusi wake, pepo wa majini anayevuta watoto miguu. Usiulize kama yupo. Uliza anakaa wapi hasa, na mwombe aliyekujibu anyooshe kidole. Kidole kitaelekea upande wa chini wa daraja, hatua chache baada ya maji kutoka kati ya kuta, na mara chache sana kitaelekea juu. Sababu ni hii: mto uliokuwa umetandaa mita 15 unapobanwa upite kwenye uwazi wa mita 6, mwendo wake unakuwa mkali. Ukitoka upande wa pili unachimba, na kinachochimbwa ni shimo lenye kingo za mchanga mlegevu. Mtoto anayecheza maji yakiwa magotini anapiga hatua moja, mchanga unamomonyoka, chini hakuna kitu. Maji ya pembeni ya shimo huzunguka kurudi nyuma, kwa hiyo aliyezama hazoleki kwenda mbali. Anabaki palepale, chini, kana kwamba ameshikwa.

Lipime shimo wakati wa kiangazi. Funga jiwe la kilo moja kwenye kamba yenye fundo kila nusu mita, simama juu ya daraja, lishushe kila baada ya mita moja kutoka ukuta hadi ukuta, kisha rudia kazi ukiwa chini mtoni, mita 2, 5 na 10 kutoka darajani, msaidizi akiwa ng'ambo na kamba ya pili. Andika namba kwenye mchoro papo hapo. Usiingie mwenyewe kupima kwa mti, hata maji yakionekana matulivu. Ukikuta shimo limesogea hadi kwenye mguu wa ukuta, umepata jambo la kumwambia mtendaji wa kijiji leoleo, kwa sababu ukuta uliochimbwa chini huenda usionyeshe ufa hadi siku ya mwisho. Na mzee akisema "siku hizi chunusi amehamia upande wa mbuyu", pima upande wa mbuyu.

Madaraja yanayosemwa kwamba "yalikataa" ni ya mkondo huohuo. Lilijengwa likaanguka, likajengwa likaanguka, mara ya tatu wakachinja, likasimama. Uliza la kwanza lilisimama wapi. Mara nyingi ni hatua chache tu kutoka hapa, kwenye tope au mchanga, na la tatu liko juu ya mwamba. Hilo halifuti kuchinja. Kondoo au mbuzi kweli alichinjwa, damu ikamwagwa kwenye msingi, dua ikasomwa au mzimu ukaombwa. Swali lenye faida ni dogo: nyama ilikwendaje? Nani alipewa paja, nani kichwa, kijiji gani kilinyimwa kikanung'unika? Mgawo wa nyama ni orodha ya waliofanya kazi, na hukumbukwa vizuri kuliko orodha yoyote ya karatasi.

Hadithi ya mumiani ina uzito tofauti. Wakati wa ukoloni habari za wanyonya damu zilienea pwani hadi bara, zikawabandikia wazimamoto na watu wengine wa serikali. Penye ujenzi watoto walikatazwa kusogea. Daraja, walisema, linataka kichwa. Usiiandike kama jambo lililothibitika, wala usiifute. Iandike pamoja na hali ya kazi: ilikuwa ya lazima au ya ujira, wangapi waliumia, nani hakurudi. Hesabu za vifo ndizo zinazovimba au kunywea kuliko zote. Katika ujenzi wa daraja la reli la Tsavo, 1898, simba wawili waliwala vibarua, na wafanyakazi walisema si simba bali ni mashetani. Idadi iliyoanza kutajwa ilikuwa Wahindi 28, na Waafrika ambao hakuna aliyewaandika. Baadaye Patterson, mhandisi aliyewapiga simba hao risasi, alitaja 135. Uchunguzi wa mifupa na manyoya ya simba hao uliochapishwa 2009 ukakadiria kama 35. Mahali palipo na kumbukumbu za reli na serikali hali ni hiyo, sembuse korongoni kwenu. Andika kila namba na aliyeitoa, kaka wa marehemu au mpita njia.

Ya dhahabu lazima isemwe kwa ukali. Kila daraja "la Mjerumani" lina mali iliyofukiwa, na mzizi wa ndoto hiyo si wa bure: mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani waligonga Tabora sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye tembo upande mmoja. Zilikuwa 16,198. Kutoka hapo hadi chini ya daraja lenu ni safari ambayo hakuna aliyeionyesha njia. Wachimbaji wa usiku huanzia kwenye mbawa, zile kuta za pembeni zinazoshikilia udongo wa barabara, kwa sababu ndiko kunakochimbika. Shimo la mita moja na nusu nyuma ya mbawa huingiza maji ya masika, udongo unavimba, ukuta unasukumwa nje, na daraja lililoshinda mafuriko linaangushwa na sururu. Ukiandika historia ya daraja, usiandike mahali "alama ya msalaba" ilipo kwenye jiwe. Kwa kawaida ni alama ya fundi tu, lakini hao hawataki kusikia hivyo.

Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, Rungwe, lina bahati. Wanaosema hakuna mkono uliolijenga wako sahihi: ni mwamba wa volkano, lava iliyopoa ikaacha maji yapite chini yake.

Karatasi huja mwisho, ukishajua unachotafuta. Ofisi ya mtendaji huwa na mihtasari ya mikutano na, ukibahatika, daftari la michango: nani alileta trip ya mchanga, nani siku za msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, nani alilipa ili asibebe mawe. Kwa kipindi cha Waingereza kuna vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri, maofisa wa wilaya wa Kiingereza, waliandika mambo ya maeneo yao; vitafute Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kwa sasa barabara za vijijini Tanzania ziko chini ya wakala wa serikali, TARURA, ulioanza 2017. Tahadhari moja: faili huandika siku fedha zilipoidhinishwa. Siku mtu wa kwanza alipovuka iko kwa bibi.

Maliza na alama za mafuriko. Mpeleke mzee darajani, aweke kiganja ukutani pale maji yalipofika, uchore mstari kwa chaki na kupima kutoka usawa wa njia kwenda chini, si kutoka mtoni kwenda juu, maana kitanda cha mto hupanda na kushuka. Siku nyingine mlete wa ng'ambo, chaki ikiwa imeshafutwa. Viganja vikipishana chini ya sentimita 20, chukua katikati. Vikipishana mita nzima, huenda hakuna aliyesahau: mmoja anasema ya 1961 na mwingine ya 1998. Rudi kwa kila mmoja umwulize kama mtoto wake mkubwa alikuwa anatembea.